Mlingoti wa Kulia Aliouchonga Baba

Nikiulizwa ni mchezaji gani wa timu yetu aliyekuwa bora kuliko wote, huwa namtaja golikipa. Nimemtaja kwa miaka, mbele ya wanaojua mpira na mbele ya wasioujua, na kila mara nimeongeza maelezo: kwamba alikuwa fundi cherehani, kwamba vidole vilivyozoea sindano haviwezi kuangusha mpira, kwamba alidaka kwa mikono miwili hata ule ambao mwingine angeupiga ngumi kwa woga. Yote hayo ni kweli. Lakini hakuwa bora kuliko wote. Aliyekuwa bora kuliko wote ni winga wetu wa kushoto, nami nimekwepa kumtaja kama mtu anavyokwepa kutafunia upande wenye jino bovu.

Tulikaa Keko, enzi za Mwingereza, mimi na baba yangu peke yetu. Mama alifariki kabla sijajua kufunga kanga. Baba alikuwa seremala. Kwao ni Masasi, alifundishwa kazi na wamisheni, akaja Dar es Salaam kwa barabara ya Kilwa juu ya lori la mihogo mikavu, sanduku lake la zana magotini. Karakana yake ilikuwa banda la makuti mbele ya nyumba. Maranda yalitambaa hadi chumbani kwangu, na hata leo nikisikia harufu ya mninga uliopigwa randa, utoto wangu wote hurudi, na wivu wangu hurudi pamoja nao.

Baba hakukosa mechi. Uwanja wetu ulikuwa wa mchanga, kati ya Keko na Temeke, una mikorosho upande mmoja, na milingoti ya magoli yote mawili aliichonga yeye kwa mkono wake. Kila Jumamosi alikwenda kuipaka chokaa ili Jumapili, baada ya kanisa, iwe inameta. Mimi nilibeba ndoo. Kabla ya kupaka alirudi nyuma hatua kumi, akafumba jicho moja, akaukagua kila mlingoti kama anavyokagua ubao.

"Mlingoti ukipinda, hata unene wa ukucha," aliniambia mara moja, "bao linakuwa la uongo."

Ilikuwa mojawapo ya sentensi ndefu alizowahi kunipa. Baba hakuwa mkali. Alikuwa tu mtu wa vipimo, na maneno yake kwangu yalikuwa ya vipimo: inchi ngapi, chumvi kiasi gani, saa ngapi narudi. Nilikuwa nimesoma hadi darasa la nane, nikaanza kutunga mashairi kwenye karatasi za kufungia misumari. Nikimaliza ubeti nilimpelekea.

"Baba, sikiliza huu."

Alisikiliza huku randa ikienda na kurudi. "Vizuri," alisema. "Nipe ile patasi."

Nilimpa patasi. Nikarudi kutunga.

Klabu ndiyo iliyonipa masikio ya watu. Wanawake wa klabu yetu walikuwa na desturi yao: mechi ikiisha, waliisindikiza timu kutoka uwanjani hadi nyumba ya klabu kwa matari na vigelegele, na njia nzima waliimba wimbo wa mechi ya siku ile. Wimbo ulitungwa hapo hapo. Kila bao lilikuwa na ubeti wake, na kila ubeti ulimtaja mfungaji. Redio haikutangaza mechi za watu wa mchangani, wala gazeti halikutuma mtu Keko. Aliyekuwa kazini, aliyekuwa mgonjwa, aliyekuwa amekwenda shamba Mbagala, wote waliijua mechi kwa wimbo. Baada ya miezi, watu wakibishana kwenye baraza nani alifunga lini, mmoja angesema, "Wimbo unasemaje?" na ubishi ukaisha. Ilikuwa aibu kubwa mchezaji kujitaja mwenyewe. Mchezaji anacheza, kutajwa ni kazi ya wanawake.

Mwimbishaji wetu alikuwa mama mmoja wa Temeke, mpika vitumbua, mwenye sauti iliyoweza kufika Kurasini bila kutoa jasho. Lakini maneno yalikuwa yangu. Nilitembea sikioni mwake nikimpa mstari mmoja mmoja, naye aliutoa nje mkubwa mara kumi ya nilivyompa. Nilikuwa na miaka kumi na minane, na hakuna bao lililokuwapo duniani mpaka mimi niseme limekuwapo.

Hivyo niliwajua wachezaji wetu kama mwenye duka anavyojua bidhaa zake. Beki wetu wa kulia alikuwa mpishi wa Mzungu kule Oyster Bay, akivaa viatu vya bwana wake vilivyomzidi, amevijaza matambara. Sijapata kuona beki mwenye viatu vizuri namna ile na akili ndogo namna ile. Alipiga mpira mbele siku zote, hata pale ambapo mbele palikuwa na mwenzake anayefunga kamba za viatu. Kepteni alikuwa kuli wa bandarini. Alicheza kama anayehamisha magunia: mpira ukishamfikia, lazima aufikishe, na atakayesimama njiani ni shauri lake. Nilimpenda kepteni. Hakuwa na hila wala urembo. Ukimtungia ubeti, ubeti ulikaa.

Huyu winga hakukaa kwenye ubeti wowote. Alikuja kwetu kutoka upande wa Ujiji, kijana wa miaka ishirini hivi, mbeba mizigo kwenye ghala la mkonge, hana ndugu mjini. Alicheza pekupeku, kifundo cha mguu wa kushoto amekizungushia kitambaa cha kilemba kikuukuu. Alikuwa mwembamba, na hakukimbia sana. Alichofanya ni kusimama. Beki alimjia kwa kasi, yeye akasimama ghafla na mpira chini ya kidole gumba, beki akapita kama mgeni aliyepitiliza nyumba ya mwenyeji wake, na alipogeuka kutafuta mlango, mlango umeshahama. Watu wazima walicheka mpaka wakashikana mabega. Nilicheka pia, miezi ya mwanzo. Nilimtungia beti sita, na zote zilikuwa nzuri.

Kisha mguu wa kitanda chake ukavunjika.

Alikileta kitanda chenyewe kichwani kutoka chumba alichopanga Temeke, akakiweka mbele ya karakana. "Shikamoo, Fundi," akasema. Baba akaitikia, akautazama ule mguu, akamwambia akae asubiri. Alikaa kwenye kigoda karibu na meza ya kazi. Kesho yake kitanda kilikuwa kizima, na bado akaja. Akaja na siku iliyofuata. Ikawa kila jioni akitoka ghalani anapitia kwetu, nywele zimejaa nyuzi za mkonge, anakaa kwenye kigoda kile, na baba anaongea.

Baba yangu anaongea. Nilikuwa jikoni nyuma ya nyumba nikimsikia akisimulia Masasi, mto aliokuwa akiogelea, padri aliyemchapa kwa kupoteza futi, siku ya kwanza alipoiona bahari akadhani ni mafuriko. Mambo hayo mimi, mwanawe, nilikuwa nayasikia kwa mara ya kwanza kupitia ukuta wa udongo, nikipepeta mchele.

Baadaye akamshikisha randa. Mimi nilikuwa nimeiomba randa ile tangu nikiwa na miaka saba. "Itakukata," nilijibiwa, na mkono wake ukaisogeza mbali. Sasa aliuweka mkono wake juu ya mkono wa winga, wakasukuma pamoja, na utepe mrefu wa ubao ukatoka umejikunja kama mkia wa kinyonga.

"Usiilazimishe," baba alisema. "Ubao wenyewe utakwambia unataka wapi."

"Kama beki," winga akasema.

Baba akacheka. Alikuwa na pengo upande wa juu kushoto. Nilikuwa sijui kama ana pengo upande ule.

Siku moja, sikumbuki ni ipi, salamu ikabadilika. "Shikamoo, Baba," winga alisema akiingia, na baba hakuinua hata kichwa, akajibu "Marahaba, mwanangu," kana kwamba imekuwa hivyo siku zote. Niliwapelekea chai. Niliiweka chini kwa nguvu kiasi kwamba ikamwagika kwenye maranda.

"Pole, dada," winga akasema.

"Usinipe pole. Sijaungua."

Ukutani mwa karakana, juu ya vigingi viwili, kulikuwa na ubao wa mninga ambao baba hakuuuza kwa mtu yeyote. Ulikuwa mpana, mwekundu kama chai ya rangi, hauna kifundo hata kimoja. Waarabu wenye maduka walikuja kuutaka kwa ajili ya milango yao, wakaondoka bila. Nilipokuwa mdogo nilimuuliza ni wa nani. Alisema ni wa mtu atakayestahili. Nikaamini, kama mtoto wa pekee anavyoamini, kwamba huyo mtu ni mimi na kwamba anasubiri nikue. Nilikuwa nimeshaupima kwa mikono yangu, yeye akiwa kanisani. Ulitosha meza ya kuandikia, na kingebaki kipande cha droo.

Mwaka ule tulipangiwa kucheza na timu ya mjini. Walikuwa na jezi zinazofanana, viatu jozi kumi na moja, na karani aliyewaandikia barua kwa mashine. Tulikuwa tumekutana nao mara tatu na hatukuwa tumewafunga hata bao moja. Wiki mbili kabla ya mechi, kwenye mkutano wa klabu, baba alisimama. Watu waligeuka kumtazama, maana baba hakuwahi kusimama.

"Nina ubao wa mninga," alisema. "Atakayewafunga watu wa mjini bao la kwanza, nitamtengenezea kiti. Kiti chenye mikono."

Watu wakapiga makofi. Kepteni, aliyekuwa amekaa sakafuni na miguu yake mikubwa mbele, akamtazama winga, kisha akamtazama baba.

"Fundi," akasema, "si umpime makalio kabisa, ukaanze kazi kesho?"

Nyumba nzima ikacheka. Winga akaficha uso kwa mikono. Baba alitabasamu akaketi, na mimi, nyuma kwa wanawake, nilikuwa nimekumbatia tari. Kila mtu alijua kiti ni cha nani. Hakuna aliyejua meza ilikuwa ya nani.

Siku ya mechi ilikuwa wakati wa vuli. Watu walijaa mpaka juu ya mikorosho. Refa alikuwa karani wa serikali, mwenye soksi ndefu na saa ya mnyororo. Kipindi cha kwanza golikipa wetu alidaka kila kitu, na nadhani ndiyo sababu uongo wangu juu yake haujapata kunisuta sana. Kipindi cha pili wingu lilikuja kutoka Pugu, jeusi, likafunguka juu yetu lote kwa pamoja.

Watazamaji walikimbilia kwenye mikorosho, upande wa kulia wa goli la wageni. Baba alikuwa huko, miwani yake imeingia ukungu. Wanawake waliokuwa nami nyuma ya goli wakakimbia nao, kuzificha ngozi za matari zisilegee. Mimi nilibaki. Mtunzi asipoona ataimba nini? Kanga ilinigandia mwilini, maji yakanitiririka machoni, na nilikuwa peke yangu nyuma ya milingoti ya baba, hatua tano kutoka kwenye mstari.

Kepteni akaja na mpira wake kama gunia. Mabeki wawili wakamrukia, golikipa wao naye akajirusha, wote wanne wakaanguka lundo moja chini ya mlingoti wa kulia, tope likaruka. Mikorosho ilikuwa upande huo huo, na watu wa huko waliona lundo tu. Mpira ulichomoka kwenye lundo, ukateleza kushoto, ukamfikia winga. Alikuwa peke yake. Alisimama kidogo, kama kawaida yake, kana kwamba mvua nayo ni beki na anataka impite kwanza. Kisha akaupiga kwa mguu wa kushoto, ukakata goli zima, ukapita juu ya lile lundo, ukagonga mlingoti wa kulia upande wa ndani na kuingia. Nyavu hatukuwa nazo. Mpira ulikuja ukasimama miguuni pangu.

Winga alikuwa ameteleza baada ya kupiga, ameanguka kifudifudi. Alipoinua kichwa, uso umejaa tope, mtu wa kwanza aliyemwona alikuwa mimi.

Refa akapuliza, akanyoosha mkono katikati. Kelele iliyotoka kwenye mikorosho sijapata kuisikia tena. Wote walilikimbilia lundo, wakamwinua kepteni, na kepteni, macho yamejaa mchanga, alikuwa akiuliza, "Imeingia? Imeingia?"

Mechi iliisha hivyo, bao moja kwa bila. Mvua ilikuwa imepungua wanawake walipokuja mbio na matari yao, na wanaume wawili nyuma yao wanabishana.

"Nakwambia ni winga."

"Winga gani? Winga alikuwa chini kule kushoto, anakunywa maji ya mvua. Kepteni kaisukumia na goti."

"Wewe umeona goti?"

"Nimeona watu wameanguka. Na kepteni ndiye aliyekuwa nao."

"Muulizeni binti Fundi," mwimbishaji akasema. "Si alikuwa hapa hapa?" Akanishika bega. "Haya mwanangu, tari zimekauka, kibali cha ngoma tulichopewa na Bwana Shauri wa serikali kinaishia jua likizama. Nipe jina. Nani kafunga?"

Baba alikuwa amefika. Alikuwa akifuta miwani kwa pindo la shati, lakini shati lilikuwa limelowa, akawa anazungusha maji tu. Alinitazama bila miwani, macho madogo, uchi, yana furaha tayari. Alikuwa anangoja neno moja kutoka kwangu. Maisha yangu yote nilikuwa nimemngojea aningojee hivyo, na neno lenyewe lilikuwa la mtu mwingine.

"Kepteni," nikasema.

Nikampa mwimbishaji mstari wa kwanza kabla mtu hajauliza tena.

Mvua ilinyesha, mjini walia,
Kepteni chini, guu kalitia,
Lango la wageni, boli 'kaingia.

Tulitembea hadi nyumba ya klabu tukiuimba, watoto wakaushika, wauza kahawa wakaushika, na tulipofika hapakuwa tena na bao jingine lolote. Winga alitembea katikati ya wenzake akipiga makofi juu ya kichwa kwa mapigo ya wimbo wangu. Sikumwona akikosea pigo hata moja.

Jumatatu baba aliushusha ubao. Nilimsikia akiusugua kwa kiganja muda mrefu kabla ya kuugusa kwa msumeno. Jioni winga alikuja kama kawaida, akamshikia ncha ya pili ya ubao wakati baba anakata kiti cha kepteni. Hawakuzungumza habari za bao. Nilisimama mlangoni nikaona ubao wangu unakuwa miguu minne, nami, kwa siku kadhaa, nilifurahi. Sitajipamba hapa. Nilifurahi kama mtu aliyeona nyumba ya jirani imeungua pamoja na yake.

Jumamosi tulikwenda kupaka chokaa. Mvua ya wiki nzima ilikuwa imeosha milingoti, mbao zimebaki kijivu. Baba alirudi nyuma hatua zake kumi, akafumba jicho, akakagua wa kushoto. Akageukia wa kulia. Halafu akaukaribia.

Mpira wetu wa ngozi tuliupaka mafuta ya kondoo wakati wa mvua ili usinywe maji. Upande wa ndani wa mlingoti, usawa wa kiuno, kulikuwa na duara la mafuta na tope, la kahawia, na katikati ya duara mistari ya kamba ya kufungia mpira, ilivyojipiga chapa, yote minane. Mvua haikuwa imeiondoa. Baba aliweka kidole gumba juu yake. Akainama, akaweka shavu karibu na mbao, akafumba jicho moja na kutazama kutoka kwenye alama ile kwenda uwanjani, kama anavyoutazama ubao kujua umepinda wapi. Jicho lake lilikwenda moja kwa moja kushoto, mahali alipokuwa amesimama winga. Kisha akatazama chini, penye vishimo vya lundo, nje ya mlingoti, mahali ambapo mtu aliyelala hawezi kuugonga upande wa ndani hata akipewa mpira na wiki nzima ya kujaribu.

Ndoo ilikuwa mikononi mwangu.

"Siku ile," akasema bila kugeuka, "alifunga nani?"

Ningeweza kusema. Hapakuwa na mtu isipokuwa kunguru. Lakini niliona jinsi kidole chake kilivyokuwa kimetulia juu ya ile alama, kwa upole ambao sikuwahi kumwona akiutumia kwa karatasi zangu.

"Kepteni, Baba."

"Haya."

Akachukua brashi akapaka mlingoti mzima, juu hadi chini, akaizunguka ile alama. Aliiacha.

Kiti cha kepteni kilikamilika, na kilikuwa kizuri. Kilibebwa na watu wanne hadi kwake, wimbo ukaimbwa tena. Baba alikuwa ametamka mbele ya klabu, na klabu ilikuwa imeimba. Mwishoni mwa mwezi winga aliacha kazi ya ghala, akasema amepata timu na kazi Tanga. Alikuja kuaga akiwa na mkoba wa ukindu. Baba alimpa patasi ndogo, ile ya mpini wa mpingo niliyokuwa nikimpa baba kila nilipomsomea ubeti. Winga alipotoka alinikuta nje nikifua.

"Nimekuja kuaga, dada. Wimbo ule ulikuwa mzuri."

"Ahsante."

Alisimama kidogo. Hata kuaga aliaga hivyo, kwa kusimama.

"Siku ile ulilowa sana," akasema, akaenda zake.

Nilidhani akishaondoka jioni zitakuwa zangu. Nilimaliza kazi za jikoni mapema, nikavaa gauni safi, nikaja karakana na karatasi zangu, nikakaa kwenye kigoda kile karibu na meza. Baba aliacha kupiga nyundo.

"Hicho kimelegea mguu," alisema. "Kalia sanduku."

Nilihamia kwenye sanduku. Kigoda hakikuwa kimelegea. Nilikitikisa baadaye, alipokwenda kisimani, kikasimama imara kama mlingoti. Kilibaki pale, kitupu, vuli hadi kaskazi, na baba alifanya kazi uso wake ukielekea barabara ya Temeke. Hakunikasirikia hata siku moja. Alinipa vipimo vyangu: inchi ngapi, chumvi kiasi gani. Na kila Jumamosi tulikwenda uwanjani, na kila Jumamosi aliizunguka ile alama kwa brashi, taratibu, bila kudondosha tone juu yake, nami nikishika ndoo.

Nilijaribu njia ya mkato kwanza. Nilimfuata mwimbishaji, nikamwambia nataka kubadilisha ubeti. Alikuwa akigeuza vitumbua.

"Ubeti gani?"

"Wa bao la mvua. Nilikosea mtu."

Alinitazama kupitia moshi. "Mwanangu, wimbo ule wanauimba hadi Mbagala. Wanawake wanabembelezea watoto. Nikawaambie nini? Lala, mtoto, jana tulikudanganya?" Akanipa kitumbua kwenye kipande cha jani. "Haya, nenda ukale. Kuna mtu mmoja unayetaka kumwambia, na si mimi."

Ilikuwa Jumamosi, masika inakaribia, hewa nzito. Baba alipofika kwenye mlingoti wa kulia na kuinua brashi, nilishusha ndoo chini.

"Alifunga winga."

Brashi ilibaki hewani, chokaa ikidondoka kwenye kiatu chake.

"Najua," akasema.

"Kwa nini hukusema?"

"Nilimuuliza mtunzi."

Sikulia. Nilingoja anikemee, na ningefurahi akinikemea, ingekuwa sentensi ndefu. Badala yake alitua brashi juu ya ndoo, akaketi kwenye mchanga, mgongo kwenye mlingoti, akavua miwani. Uso wake ulikuwa ule ule wa siku ya mvua, macho madogo, yana furaha tayari.

"Hebu nisimulie," akasema. "Mimi sikuona. Mpira ulimfikiaje?"

Nikamsimulia. Nilianza vibaya, kwa haraka, nikitaka yaishe. Akanisimamisha.

"Polepole. Alisimama kwanza?"

"Alisimama."

"Kiasi gani?"

"Kiasi cha kuvuta pumzi. Kama anaiacha mvua impite."

Baba akacheka, na nikaliona lile pengo. "Kama anaiacha mvua impite," akarudia, kila neno, jinsi nilivyolisema. Maisha yangu yote hakuwahi kurudia neno langu. "Halafu?"

Nikamweleza mguu, na sauti ya ngozi iliyolowa ikigonga mbao, na jinsi mpira ulivyosimama miguuni pangu. Alifumba macho kusikiliza. Nilipomaliza alibaki amefumba.

"Tena," akasema. "Anzia kwenye lundo."

Nikaanzia kwenye lundo. Nilijua ninasimulia vizuri kuliko nilivyowahi kutunga chochote, nilisikia maneno yakikaa moja juu ya jingine kama maungio yaliyochongwa sawasawa, na mbele yangu baba yangu alisikiliza bila randa wala nyundo mkononi, amenipa masikio yote mawili. Na kwa kila neno, uso ulioangaza mbele yangu uliangaza kwa ajili ya yule aliyekuwa Tanga.

Jua lilikuwa likielekea upande wa Pugu. Chokaa ilianza kuganda ndooni.

"Mara moja tena tu," baba akasema. "Aliupiga kwa mguu gani?"

"Wa kushoto, Baba," nikasema, nikaanza upya.